Nisubiri Galaxy A57 au ninunue A56 sasa?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninauza vitenge na mashuka mjini Morogoro, na wateja wangu wengi huagiza baada ya kuona picha WhatsApp na Instagram. Ninatumia Samsung Galaxy A53 niliyoinunua ikiwa mpya mwaka 2022. Siku hizi inakwamakwama nikitoka kwenye kamera kwenda WhatsApp, na memori kadi imekaribia kujaa. Nimesoma tetesi kwamba Galaxy A57 iko njiani, kwamba itakuwa nyembamba na nyepesi zaidi, na kwamba itakuwa na chipu mpya iitwayo Exynos 1680. Kaka yangu yuko Muscat na anaweza kuninunulia simu huko. Je, tetesi hizi ni za kuaminika, na je, nisubiri hiyo mpya au ninunue A56?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake. Kwa kazi unayoifanya na kwa simu uliyonayo, ningekushauri ununue A56 yenye hifadhi ya GB 256 pindi utakapoipata kwa bei unayoimudu, wala usikae ukiingojea A57. Huenda tetesi ulizosoma zikawa kweli kwa sehemu kubwa, lakini ukweli wake haubadilishi ushauri huu, kwa kuwa mengi yanayokukera katika A53 yalikwisha kurekebishwa katika simu zilizotoka kati yake na hii inayosubiriwa.

Kuhusu kuaminika kwa tetesi, watu wengi huzipokea zote kwa uzito mmoja ilhali vyanzo vyake havilingani. Kabla ya kuingia sokoni, simu hulazimika kupita katika mamlaka za uthibitisho, na baadhi ya mamlaka hizo huweka taarifa zake hadharani. Nchini China, TENAA huchapisha vipimo vya simu, uzito na hata picha zake, na uthibitisho wa 3C huonyesha ni kwa wati ngapi simu itachaji. Marekani ina FCC na India ina BIS. Kisha wapo wanaoijaribu simu kwa Geekbench, programu ya kupima kasi, ambayo matokeo yake huonekana mtandaoni pamoja na namba ya modeli na jina la ndani la chipu. Ndivyo A56 ilivyojulikana kabla ya kuzinduliwa: jina s5e8855 lilionekana, na kwa kuwa chipu ya A55 huitwa s5e8845 na ile ya A54 s5e8835, haikuhitaji uganga kutambua kwamba hiyo ilikuwa Exynos 1580. Taarifa ya 3C ilitaja wati 45, na simu ilipotoka ilikuwa na wati 45 kweli. Chanzo kingine ni michoro ya kiwandani ambayo watengenezaji wa makava huihitaji mapema ili bidhaa zao ziwe dukani siku simu inapofika. Picha nyingi za kompyuta anazozitoa Steve Hemmerstoffer, Mfaransa anayejulikana zaidi kwa jina la OnLeaks, hutokana na michoro ya aina hiyo.

Kwa hiyo umbo, uzito, chipu, betri na kasi ya kuchaji ni mambo ambayo tetesi huyapata sawasawa wiki nyingi kabla ya uzinduzi. Bei ya nchi yako, ubora wa picha za usiku, joto la simu baada ya nusu saa ya mazungumzo ya video, na nchi ipi itapata toleo lipi, hayo hayaandikwi na mamlaka yoyote. Ukiyakuta yameandikwa kwa uhakika mkubwa kabla ya siku ya uzinduzi, mwandishi amekisia, na pengine amekisia vizuri, lakini bado ni makisio.

Katika familia hii ya A5 tunacho pia kielelezo kilicho bora kuliko tetesi, nacho ni mwenendo wake wa miaka iliyopita. A52 ilizinduliwa Machi 2021, A53 Machi 2022, A54 Machi 2023, A55 Machi 2024, na A56 tarehe 2 Machi 2025, hivyo ni busara kuitazamia A57 katika majira hayohayo. Kila mwaka Samsung hubadilisha jambo moja au mawili yanayoonekana na kuacha mengine yalivyo. A54 ilipata kamera kuu mpya ya megapikseli 50 na mgongo wa kioo. A55 ikapata fremu ya chuma na kioo kigumu zaidi cha mbele. A56 ikapata skrini ya inchi 6.7, chaji ya wati 45 na ahadi ndefu zaidi ya masasisho. Betri imebaki 5,000 mAh tangu A53 yako. Kamera ya kupiga vitu vya karibu sana, ile ya megapikseli 5, imekuwapo tangu A51, na wakati mwingine nashuku kwamba Samsung wenyewe wamesahau kuwa ipo. Wembamba uliousoma unafuata mwelekeo huohuo, kwani A55 ilikuwa na unene wa milimita 8.2 na uzito wa gramu 213, na A56 ikashuka hadi milimita 7.4 na gramu 198. Simu nyembamba hupendeza mkononi dukani. Wewe utaivalisha kava jioni hiyohiyo, na tofauti ya nusu milimita itafia humo.

Sasa tuje kwenye kukwama, ambako nadhani ndiko kulikokufanya uandike. A53 inatumia Exynos 1280, chipu yenye viini vinane, yaani sehemu zinazotenda kazi za simu, lakini viwili tu kati yake ndivyo vyenye nguvu. Sita vilivyobaki ni vidogo, vilivyokusudiwa kuokoa betri. Unapopiga picha ya kitenge na kuhamia WhatsApp papo hapo, simu bado inaichakata picha, inaiandika kwenye hifadhi, inaifungua WhatsApp na kupakia mazungumzo, na kazi zote hizo zinagombania viini viwili. Chipu ya A54 ilikuwa na viini vinne vyenye nguvu. Ile ya A55 ilibaki na vinne vilivyoongezwa kasi, ikapata na sehemu ya michoro iliyojengwa juu ya teknolojia ya AMD. Exynos 1580 ya A56 imebadilisha viini vyenyewe: vinne vikubwa ni vya kizazi kipya cha Cortex-A720, kimojawapo kikifika 2.9GHz. Kutoka kwenye A53 hadi hapo utauona mwendo tofauti kabisa. Kutoka A56 hadi A57, hata kama hiyo Exynos 1680 itakuwa na kila kinachosemwa juu yake, tofauti itawafikia wanaocheza michezo mizito na wanaohariri video ndefu. Anayepiga picha, kuandika bei na kumtumia mteja hataweza kuionyesha kwa kidole. Jambo la kuzingatia zaidi ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya programu zilizo wazi. Usikubali chini ya GB 8, kwa sababu ndiyo inayoamua kama kamera itabaki wazi nyuma ya WhatsApp au italazimika kuanza upya kila unaporudi.

Kuhusu bei, mwaka huu si wa kawaida, na hapa ndipo ushauri uliozoeleka wa kusubiri simu mpya ili ya zamani ishuke bei unapoyumba. Tangu nusu ya pili ya mwaka 2025 bei za chipu za RAM na za hifadhi zimepanda sana duniani. Sehemu kubwa ya RAM hutengenezwa na kampuni tatu, yaani Samsung yenyewe, SK Hynix na Micron, nazo zimeelekeza sehemu kubwa ya viwanda vyao kwenye kumbukumbu zinazotumika katika seva za akili mnemba, ambazo faida yake ni kubwa zaidi. Micron ilifikia hatua ya kutangaza, Desemba 2025, kwamba inajitoa katika kuuza bidhaa za kumbukumbu za Crucial kwa watumiaji wa kawaida. Mtengenezaji wa simu ya daraja la kati hana nafasi kubwa ya kulimeza ongezeko hilo. Ama atapandisha bei, ama atapunguza RAM au hifadhi katika toleo la bei ya chini, na mwingine atafanya yote mawili kwa pamoja. Tayari bei ya familia hii ilikuwa imeanza kupanda: nchini Marekani A54 ilianza kuuzwa kwa dola 449.99, na A56 ikaanza kwa dola 499.99. Sitakugeuzia takwimu hizo kuwa shilingi, kwa maana ushuru, usafirishaji na faida ya wauzaji wa hapa huongeza kiasi ambacho hakilingani kutoka duka moja hadi jingine. Ninachosema ni kwamba A56 iliyo dukani leo huenda iliagizwa kwa gharama za zamani, na itakayoagizwa baadaye huenda isiagizwe kwa gharama hizo. Nisingeweka matumaini makubwa kwenye punguzo la Machi.

Faida moja ya kusubiri naikubali bila kusita, nayo ni muda wa masasisho. A53 yako iliahidiwa matoleo manne makubwa ya Android na miaka mitano ya marekebisho ya usalama. Ilianza na Android 12, hivyo Android 16 ndiyo ya mwisho kwake, na usalama wake unafika hadi Machi 2027. Kwa maneno mengine, haiko hatarini leo, na hakuna sababu ya kununua kwa hofu. A56 iliahidiwa matoleo sita na miaka sita, ambayo ni hadi 2031. Ikiwa A57 itapewa ahadi hiyohiyo, basi utapata mwaka mmoja zaidi. Kwa mtu anayekaa na simu hadi tone la mwisho, mwaka huo una thamani. Kwa jinsi ulivyoitumia A53 kuanzia 2022, sioni kama utafika 2031 na simu ileile, maana betri itakuwa imechoka mapema zaidi ya hapo na huenda mahitaji yako yatakuwa yamebadilika.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kuwa kubwa kuliko chipu. Umesema memori kadi yako inakaribia kujaa. A53 ina nafasi ya memori kadi, na A54 na A55 pia zinayo, lakini A56 haina kabisa. Habari za simu mpya hutangaza kilichoongezwa kwa herufi kubwa, na kilichoondolewa hugunduliwa na mnunuzi nyumbani, akiwa ameshika kadi yake mkononi na kutafuta pa kuichomeka. Sitarajii nafasi hiyo irudi katika A57, kwani kampuni ikishaiondoa katika daraja fulani la simu ni nadra kuirejesha. Ndiyo maana nimesisitiza GB 256: katika toleo la GB 128, mfumo wenyewe wa simu huchukua sehemu isiyo ndogo kabla hujapiga picha ya kwanza, na WhatsApp ya mfanyabiashara hukua kila siku kwa picha na video zinazotumwa na watu. Ikiwa memori kadi kwako ni jambo lisilo na mjadala, basi chaguo lako si A56 wala A57. Tafuta A55 mpya ambayo bado imo katika boksi lake. Ni simu nzuri, masasisho yake ya usalama yanafika 2029, na itakuondolea adha ya kukwama karibu sawa na mrithi wake.

Uamuzi wowote utakaoufanya, hamisha picha za kwenye kadi kabla hujaiuza au kumpa mtu A53. Programu ya Smart Switch ya Samsung inaweza kunakili vilivyomo kwenye simu na kwenye kadi pia. Lakini kwanza ingia kwenye mipangilio ya usalama uone kama kadi imefungwa kwa usimbaji, yaani kama vilivyomo vimegeuzwa kuwa msimbo wa siri. Kadi iliyosimbwa katika simu fulani husomeka katika simu hiyo tu. Ukiichomoa na kuipeleka kwingine, au ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani kabla ya kuifungua kadi, picha zako za miaka yote zitakuwa herufi zisizosomeka.

Kamera nayo inastahili maneno machache zaidi, kwani ndiyo duka lako. Kamera kuu ya A56 ni ya megapikseli 50 na ina kitulizi cha mtikisiko wa mkono. A53 ina megapikseli 64, na kwa namba pekee ungedhani unarudi nyuma. Sivyo: kihisi cha megapikseli 50 ni kikubwa zaidi na hupokea mwanga mwingi zaidi, na simu zote mbili huunganisha pikseli nne kuwa moja, hivyo picha ya kawaida ya A56 hutoka ikiwa na takriban megapikseli 12, ambazo zinatosha na kubaki kwa mteja anayeitazama kwenye simu. Kamera ya mbele imeshuka kutoka megapikseli 32 hadi 12, nalo lisikusumbue. Kilichokosekana katika familia nzima hii ni lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, na sijaona sababu ya kuitarajia safari hii.

Kwa vitenge hasa, rangi huharibiwa na taa kuliko na kamera. Taa ya manjano ya dukani huigeuza bluu iliyoiva kuwa karibu na nyeusi na nyekundu kuwa ya kahawia, na simu hujitahidi kusahihisha, ikipatia kwa kitambaa kimoja na kukosea kwa kinachofuata, ndipo mteja anapopokea mzigo na kulalamika kwamba sicho alichokiona. Tandika kitambaa karibu na dirisha au mlango ambako jua haliingii moja kwa moja, zima taa, na piga zote kwa mfululizo katika mwanga huohuo. Unapotaka kuonyesha nakshi, usiitumie ile kamera ya megapikseli 5. Rudi nyuma hatua moja, gusa 2x, na kamera kuu itakupa nyuzi zilizo wazi na pembe zilizonyooka. Ukiona mawimbi ya ajabu juu ya kitambaa cha nyuzi za karibukaribu, si kasoro ya simu wala ya kitambaa: nyuzi na pikseli zimepishana vibaya, na kusogea mbele au nyuma kidogo kutaondoa hali hiyo. Kisha, unapotuma WhatsApp, chagua HD, la sivyo programu yenyewe itaibana picha na kuipotezea sehemu ya ubora ulioulipia.

Chaja haimo katika boksi la A56, na A53 yako pia haikuja nayo, kwa hiyo yawezekana unayo ya wati 15 au 25. Zote zitafanya kazi, ila polepole. Ukitaka wati 45, usiridhike na namba iliyochapwa kwa mbele. Geuza chaja usome maandishi madogo ya ubavuni na utafute herufi PPS zikifuatiwa na voltiji zinazoanza 3.3. Chaja nyingi za bei nafuu zilizoandikwa 45W hazina mstari huo, na simu ikikosa PPS hurudi kwenye kasi ya chini. Waya nao uwe unaobeba ampea 5.

Imebaki Muscat. Kununua huko hakuna ubaya, na plagi ya Oman ni ileile ya pini tatu tunayoitumia sisi, ila mambo mawili yashughulikiwe kabla simu haijapanda ndege. La kwanza ni udhamini, ambao mara nyingi hufungamana na nchi au kanda simu ilikonunuliwa. Kaka yako aulize kwa maneno mapana kama kituo cha Samsung nchini Tanzania kitaupokea, na kama jibu ni hapana, punguzo la bei liwe kubwa kiasi cha kufidia hatari hiyo. La pili ni kufungwa kwa kanda. Baadhi ya simu za Samsung huwa na karatasi ndogo juu ya boksi inayosema zifunguliwe kwanza kwa laini ya kanda husika, na ukiweka laini ya nchi nyingine tangu mwanzo zitakataa. Dawa yake ni rahisi ikiwa mtu yuko huko: aiwashe kwa laini ya Oman na kupiga simu zitakazojumlisha dakika tano au zaidi, kisha aizime na kuirudisha kwenye boksi.

Mwambie pia akutumie picha ya lebo ya ubavuni mwa boksi kabla hajalipa. Utaona namba ya modeli inayoanza na SM-A566. Ikifuatiwa na B au E, hayo ni matoleo ya kimataifa, na DS iliyo baada ya mkwaju (/) ina maana ya laini mbili. Ikiwa ni SM-A5660, hilo ni toleo la soko la China na jirani zake, na hilo nisingelichukua hata kwa bei ya kutupwa. Chini ya lebo kuna IMEI, namba ya utambulisho wa simu: aipige *#06# kwenye simu yenyewe na kulinganisha tarakimu zote, nawe ukiwa Morogoro itume namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, uone kama jina la simu litakalorudi ndilo lililoandikwa kwenye boksi.